Nataka kulitia klachi gari la marehemu baba

Kwako Bi Mshauri,

Assalam aleikum, na shikamoo. Safu yako naisoma kila wiki, na mara nyingi nimecheka shida za watu nisijue zamu yangu iko njiani. Usinitaje jina wala mtaa. Sema tu ni mtu wa Mombasa, miaka 46, mke mmoja, watoto watatu.

Shida yangu ni gari. Najua utasema magari yana mafundi wake, lakini ingekuwa ni shida ya fundi nisingekusumbua wewe.

Baba yetu alifariki miaka miwili iliyopita. Aliacha nyumba anayoishi mama, na Mercedes 300D ya mwaka 1983, rangi ya chai ya maziwa, aliyoinunua 1991 kwa Mzungu mmoja aliyekuwa akirudi kwao. Ni otomatiki, na ina sababu ya kuwa otomatiki. Baba alipatwa na polio akiwa mdogo. Mguu wake wa kushoto ulibaki mwembamba, akawa anavaa chuma kuanzia gotini hadi kwenye kiatu. Klachi hakuiweza. Kabla ya gari hilo alikuwa akienda kazini bandarini kwa basi, na siku zote alishuka wa mwisho ili watu wasimsukume.

Siku alipolileta nyumbani nilikuwa na miaka 12. Alisimama mbele ya mlango, akapiga honi mara tatu, akakaa mle ndani hatoki. Mama akatoka na kanga ya jikoni, mikono ina unga, akaingia kiti cha nyuma kama abiria wa teksi. Wakaenda Likoni, wakavuka feri, wakarudi. Hakukuwa na shughuli yoyote ng'ambo. Walivuka tu.

Sasa nikwambie jambo ambalo hata mke wangu halijui. Shuleni wenzangu walinicheka. Gari lisilo na klachi, walisema, ni la wanawake na vilema. Nikaona haya. Nikamwambia baba kuwa mwalimu mkuu amekataza magari yasikaribie lango, kwa hivyo awe ananiteremsha kule kwenye mwembe, mbali. Akawa ananiteremsha mwembeni kila asubuhi, miaka mitatu. Hakuniuliza hata siku moja.

Kuendesha nilifundishwa na mjomba, kule Kwale, kwa pikapu yake ya Peugeot 504, ambayo mpaka leo ipo uani kwake juu ya mawe. Nakumbuka siku nilipoachia klachi taratibu, gari likakubali bila kuruka, na mjomba akatoa mkono nje ya dirisha akaupiga mlango kwa furaha. Raha ile sijaipata tena kwenye gari lolote.

Tangu mwaka jana hili gari langu limeanza ukorofi. Ukitia D, gia ya kwenda mbele, linaruka kama limepigwa teke. Gia zinachelewa kubadilika, na zikibadilika ni kwa kishindo, hasa ya kwanza kwenda ya pili. Mengine ni uzee tu: ukifunga mlango wa dereva kwa ufunguo, ile ya nyuma haijifungi tena yenyewe, na ukizima injini inaendelea kunguruma sekunde kadhaa ndipo inyamaze, kama mzee anayemalizia hadithi. Watoto wanalipenda hilo, huwa wanahesabu.

Fundi wangu alilitia gia, akalisikiliza, akasema giaboksi imekufa. Hakufungua kitu. Akanambia, "Achana na otomatiki. Kuna Mercedes 240D iliyogongwa, ina giaboksi ya gia nne za mkono. Tunaihamisha yote, na pedali zake." Kazi na spea, shilingi 130,000. Kuisuka upya ile ya otomatiki, anasema, ni mara mbili ya hiyo na haina dhamana.

Bi Mshauri, badala ya kusikitika, moyo uliniruka kwa furaha. Nikajiona naupanda mlima wa Mazeras na gia mkononi, gari la kiume sasa. Palepale nikampa 35,000 aishikilie hiyo giaboksi. Hakuna anayejua kwetu.

Nilipolidokeza jambo lenyewe nyumbani, moto ukawaka. Mke wangu ana leseni ya B1, ya otomatiki peke yake, na yeye ndiye anayewapeleka watoto madrasa kwa gari hilo. Dada yangu aliye Muscat alinitumia sauti kwenye simu: "Ukiing'oa ile giaboksi umemzika baba mara ya pili." Mdogo wangu anasema liuzwe, tugawane. Gari nililichukua mimi kwa sababu ni mkubwa, tulikubaliana kwa mdomo tu pale matangani.

Mama hakusema ndiyo wala la. Aliuliza swali moja: "Na kile kizulia?" Nikamuuliza kizulia gani, akanyanyuka akaenda zake jikoni. Baadaye ndipo nilipochungulia. Chini, pale dereva anapoweka mguu wa kushoto, chuma cha mguu wa baba kimelila zulia miaka yote ile mpaka bati limeonekana, tundu la ukubwa wa sarafu ya shilingi 20. Nikamuuliza fundi pedali ya klachi itakaa wapi. Akaonyesha kwa bisibisi: hapohapo juu yake.

Tangu siku ile silali vizuri. Je, kuitamani klachi ni kumkana baba? Nifanyeje?

Mwana wa Dereva,
Mombasa


Mwanangu, Mwana wa Dereva,

Wa aleikum salaam, na marahaba. Barua yako imenikaa kichwani wiki nzima, na kilichonikaa si giaboksi, ni ule mwembe. Huko tutafika. Tuanze na chuma kwanza, maana chuma hakina machozi.

Kama nimekuelewa, una gari la urithi linaloumwa, una fundi aliyekupa tiba ambayo kwa bahati ndiyo uliyoitamani tangu ujana, na una nyumba nzima ambayo kila mtu anaona kitu chake katika gari hilo hilo. Na una siri mbili: ya mwembeni na ya 35,000.

Mimi kwenye gari najua kutia mafuta na kupiga honi. Lakini nina shemeji aliyekula ujana wake chini ya Mercedes za umbo hilo, zile W123 zilizotengenezwa kuanzia 1976 hadi katikati ya miaka ya 80, karibu milioni 2.7, nyingine zikageuka teksi kuanzia Ujerumani mpaka Moroko. Nilimsomea barua yako bila kumwambia imetoka wapi. Alikuwa anakunywa kahawa tungu, hana haraka. Nilipofika pale injini inapokataa kunyamaza na watoto wanahesabu, akaweka kikombe chini. "Rudia hapo," akasema. Nikarudia. "Na milango haijifungi?" Haijifungi. Akacheka. "Huyo fundi aliangalia kila kitu isipokuwa gari."

Alinieleza hivi, nami nakueleza kama nilivyoelewa. Injini ya dizeli haipati mvuto wa hewa kwenye njia yake ya kupumulia kama ya petroli, kwa hivyo wenye kuiunda waliitia pampu inayotengeneza ombwe, ambalo mafundi huliita vakyumu. Ombwe hilo linapita kwenye vijipaipu vyembamba na viungo vya mpira, na ndilo linalosaidia breki, linalofunga milango yote kwa pamoja, na linaloikatia injini mafuta unapozima ufunguo. Hilo hilo huiambia giaboksi ya otomatiki umekanyaga mafuta kiasi gani, ili ijue ibadilishe gia kwa upole au kwa nguvu. Mpira mmoja ukipasuka kwa uzee, ombwe linavuja. Milango inagoma, injini haizimiki upesi, na giaboksi inadhani umeikanyagia mafuta yote, basi inabadilisha kwa kuchelewa na kwa kishindo. Huyo mzee wako anayemalizia hadithi huenda alikuwa anaomba msaada.

Sikwambii giaboksi ni nzima. Shemeji naye hakusema hivyo, alisema tu kuwa hukumu imetolewa kabla ya ushahidi. Gari la miaka 40 linaweza kuwa na mipira iliyopasuka na giaboksi iliyochoka, yote mawili. Lakini hilo hujulikana kwa asubuhi moja. Fundi mwenye pampu ndogo ya mkono yenye geji anapima ombwe paipu kwa paipu. Kijiti cha kupimia mafuta ya giaboksi husomwa gari likiwa limepata moto, injini inanguruma, gia iko P, ile ya kuegesha; akikipima injini imezimwa, hapo pana jambo. Mafuta yakiwa mekundu bado kuna heri. Yakiwa meusi na yananuka kuungua, pleti za ndani zinakwisha kweli. Na yakimwagwa, yamwagwe pia yale ya ndani ya toki konveta (inayopeleka nguvu ya injini kwenye giaboksi), ambayo kwenye Mercedes hizi ina nati yake ya kumwagia. Wengi humwaga ya chini tu, wakaacha mengi ya zamani mle ndani, kisha wakasema wamebadilisha mafuta.

Kwa hivyo swali langu la kwanza kwako ni hili, na usinijibu upesi. Wakikwambia ni mipira, gari likarudi kubadilisha gia taratibu kama enzi za baba yako, utafurahi, au utavunjika moyo? Nakuuliza kwa sababu wewe mwenyewe umeandika kwamba uliposikia giaboksi imekufa, moyo uliruka kwa furaha. Mtu hafurahii msiba wa chombo chake ila kuna kitu msiba huo unamfungulia.

Na hicho kitu, kwa maoni yangu, si dhambi. Wako watu wanaogeuza magari ya zamani kutoka otomatiki kuwa ya gia za mkono kwa sababu wanapenda kuendesha kwa mikono na miguu yote, nao si wahuni. Ila ni kazi kubwa kuliko ilivyo katika maneno ya fundi wako. Si giaboksi peke yake. Unahitaji flaiwili, lile gurudumu zito la nyuma ya injini, klachi pleti na kava yake, beringi ya klachi, na ile beringi ndogo inayokaa mwisho wa kranki ambayo injini ya otomatiki huenda haina. Unahitaji sanduku la pedali, maana pedali ya breki ya otomatiki ni pana na haina mwenzake. Unahitaji pampu ya klachi ya juu na ya chini, na paipu ya kuipa mafuta kutoka kwenye kopo la breki. Propela shafti inaweza kukosa urefu. Swichi inayozuia stata isiwake gari likiwa kwenye gia inabidi ishughulikiwe, na taa za rivasi zitafutiwe njia nyingine. Hiyo 240D iliyogongwa, ikiwa ni nzima kuanzia kioo cha mbele kwenda nyuma, inaweza kukupa karibu yote. Ikiwa fundi amekuonyesha giaboksi tu iliyolala sakafuni, muulize vingine viko wapi na kama vimo ndani ya hizo 130,000.

Kuna mahali shemeji aliniinulia kidole. Injini ya 240D ni ya silinda nne, ya 300D yako ni ya silinda tano. Flaiwili ya ile haichukuliwi ikafungwa kwenye hii hivi hivi, hata kama matundu ya bolti yanaingiana. Inapelekwa kwa mwenye mashine ya kusawazisha, pamoja na ile pleti inayotoka kwenye injini yako, ipimwe ifanane nayo. Wasiofanya hivyo gari lao hutetemeka, na mtetemo huo unaila injini iliyokuwa haina ugonjwa wowote. Basi mtajie fundi neno "kusawazisha" na umtazame usoni. Akikwambia "itaingia tu, bosi," umeshapata jibu.

Ikiwa itakuwa hiyo njia, swali ni kama inaweza kurudi nyuma. Bati lisikatwe. Giaboksi ya zamani, toki konveta yake, propela yake na pedali yake vifungwe vizuri, viwekwe pakavu, na vibaki kwenu, visiwe "chenji" ya fundi. Ingawa, mwanangu, hebu tuambiane ukweli: vitu vingi vilivyowekwa stoo kwa nia ya kurudishwa, panya ndio huvirithi.

Njia ya kuisuka upya ile ya otomatiki nayo ina hatari zake. Mafundi wanaozijua giaboksi hizo kwa undani wanapungua, na asiyejua anaweza kukubadilishia sili akaacha ugonjwa. Kuna wanaoagiza iliyotumika kutoka Imarati, lakini unanunua uzee wa mtu mwingine bila kujua historia yake. Afadhali hapo umpate fundi atakayekubali kukuandikia alichobadilisha, kitu kwa kitu.

Sasa tutoke chini ya gari.

Umeandika "gari langu". Logibuku iko kwa jina la nani? Nauliza kwa sababu mapatano ya matangani ni ya heshima lakini hayaandikwi na mtu. Ikiwa bado iko kwa jina la marehemu, hilo ni gari la mirathi. Kwa sheria yetu ya Kiislamu mama yako ana thumuni yake, yaani moja ya nane, na dada yako ana fungu kama mlivyo nyinyi wanaume, ingawa lake ni nusu ya lenu. Dada yako anapopiga kelele kutoka Muscat hasemi kwa uchungu tu, anasema pia kama mwenye mali. Mdogo wako anayetaka liuzwe, hali kadhalika. Huenda wote watakusamehe mafungu yao kwa furaha, lakini wasamehe wakijua. Kadhi yupo, na karatasi zake si ndefu kama watu wanavyoogopa. Ukibadilisha gari kabla ya hapo, siku mtakapokosana kwa jambo jingine kabisa, hiyo giaboksi itatajwa.

Mkeo ana B1. Gari likiwa na klachi, siku atakayolitoa tu barabarani anaendesha kinyume cha leseni, na likitokea la kutokea, kampuni ya bima ina pa kujishika. Anaweza kusoma na kufanya mtihani wa B2, ile ya magari ya klachi, wako wengi waliofanya hivyo. Lakini je, umemuuliza kama anataka? Kujifunza klachi na gari zito la dizeli kwenye foleni ya Likoni, mteremko wa kushukia feri uko mbele, matatu iko nyuma inampigia honi, si zawadi ambayo kila mke angeishukuru. Ukiona barua yako ilivyo, watoto kwenda madrasa kumetajwa kwa mstari mmoja, Mazeras kukapambwa. Nimeliona tu. Na ukibadilisha, kampuni ya bima iambiwe kabla, kwa maandishi.

Kuhusu 35,000: usiziache ziwe dereva. Mtu akishatoa pesa hujikuta anaitetea njia mbovu ili pesa zisipotee. Unaweza kuzidai zirudi, unaweza kuambiwa hazirudi, au unaweza kuishia na giaboksi ya 240D chini ya kitanda. Yote hayo yanavumilika. Ambalo litazidi kuwa gumu kila siku ni mkeo kulisikia kwa fundi.

Haya, twende mwembeni.

Umeandika "gari la kiume". Neno hilo silidhani ni lako. Nadhani ni la wale watoto, umelibeba miaka 34 bila kulikagua. Wewe ulikuwa bado hujazaliwa au uko mgongoni, lakini sisi tunakumbuka mwaka 1979. Kwenye Safari Rally ile Mercedes 450 SLC ya dereva Mfini Hannu Mikkola ilimaliza ya pili, nyuma ya Datsun ya Shekhar Mehta wetu. Desemba mwaka huo huo, kule Kodivaa, kwenye mbio za Bandama, Mercedes za aina hiyo zikashika nafasi nne za kwanza, ya kwanza hadi ya nne, matope na vumbi na usiku kucha. Zilikuwa otomatiki. Mikkola huyo ndiye aliyeshinda. Sijui mabingwa wa pale langoni kwenu wangemwambiaje. Na wao leo, wale walio hai, wana vipara, na nakuhakikishia nusu yao wanaendesha otomatiki ndogo kutoka Japani, wanashukuru goti limepumzika.

Kwa hivyo nakuomba utenganishe vitu viwili. Kuna ile raha ya Kwale, ya mguu na mkono kukubaliana na mjomba kupiga mlango. Hiyo ni halali yako, haimkani mtu. Na kuna haya ya mwembeni, inayotafuta kitu cha kuifuta. Klachi inaweza kukupa ya kwanza. Ya pili, sidhani kama iko kwenye giaboksi yoyote. Ulikuwa mtoto wa miaka kumi na kitu, na watoto huogopa kuchekwa kuliko wanavyoogopa simba. Baba yako alikuteremsha ulipotaka na akarudi kukuchukua. Sasa wewe una watoto wa umri ule. Siku moja wakikwambia uwateremshe mbali, utajua moyoni mwako alihisi nini na kwa nini hakuuliza. Hata kulisema hili kwa mkeo usiku mmoja taa zimezimwa, sioni ubaya wake. Kwangu umeshalisema, na bado nakuita mwanangu.

Na kama ni ile raha ya Kwale hasa unayoitafuta, naona umeitaja 504 iliyoko juu ya mawe ukapita upesi. Hiyo ilizaliwa na klachi. Mjomba yuko hai? Amewahi kukwambia anaiuza, au anaitunza kwa ajili ya mtu? Si lazima iwe jibu. Magari mawili ya zamani hula mifuko miwili, na pikapu iliyolala uani miaka mingi huwa na kutu pasipoonekana. Lakini ni njia ambayo haigusi zulia la mtu.

Nimalizie kwa mama. Nyinyi wote mlibishana giaboksi, yeye aliuliza kizulia. Hakukataza, alitaka kujua kitakwenda wapi. Wewe uliuliza "kizulia gani" naye akaenda jikoni, na tangu hapo hujarudi kumwambia kwamba umekiona. Mrudie. Usiende na hoja wala na bei. Akikubali, mtie kiti cha nyuma kama siku ile, mvuke feri mrudi, hata kama gari linaruka kila ukilitia D. Atasema atakachosema, au hatasema.

Kisha litafutie gari fundi wa pili, mwenye geji. Na kabla ya fundi yeyote, huyu au yule, hajaingia na bisibisi yake upande wa dereva, zulia hilo litoe wewe mwenyewe.

Wako,
Bi Mshauri